Waliosimama Barafuni

Habari ya kifo cha Zayd ilifika kijijini saa tatu asubuhi, na ilipotimu saa tatu na robo hapakuwa na mtu ambaye hakuijua, hata wale waliozibwa masikio na uzee. Simu ilimpata mwalimu wa shule, maana ni yeye peke yake aliyekuwa amepanda darini kutafuta mtandao. Mwalimu akamwambia muuza sukari, muuza sukari akamwambia mkewe, na huyo mkewe tangu azaliwe hajapata kumwambia mtu mmoja tu jambo lolote. Aliyechelewa kujua ni mama mzazi, Itto. Kila aliyemwendea alishindwa pa kuanzia. Walimkuta anakanda unga wa mkate, wakamsalimu, wakamuuliza habari za mbuzi, habari za goti lake, habari za theluji iliyoanguka siku tatu mfululizo, mpaka mwenyewe akauacha unga, akawatazama mmoja mmoja, akasema:

"Nani?"

Wakamwambia.

Zayd alikuwa kitindamimba wake. Kwa miaka sita alikuwa akipakia matufaa kwenye maghala ya Midelt, upande wa pili wa mlima, na huko huko akaoa. Kifua kilimbana, akalala siku nne na homa ya mapafu, akakataza mtu asimwambie mama yake ili asimtie wasiwasi. Alikata roho jana jioni. Simu hazikushika usiku kucha kwa sababu ya dhoruba. Sasa baba mkwe wa Zayd alikuwa amesema na mwalimu maneno machache, na mwalimu aliyarudia neno kwa neno mbele ya Itto, kofia mkononi:

"Amelala usiku mmoja tayari, wa pili hatumlazi. Anatoka nyumbani kwenda kuswaliwa Alasiri. Mwambieni mama awahi amwone uso."

Basi, hilo ndilo lililokuwepo. Kuzika, wanaume wa huko wangemzika. Kuomba, Mungu anasikia popote. Lakini uso ukishafunikwa na kubebwa, umekwenda. Alasiri ya majira yale iko saa tisa na robo. Siku za kiangazi, kutoka kijijini kupanda Tizi n-Ugris, kushuka mpaka mji wa Rich na kushika lami hadi Midelt, ni mwendo wa saa tatu na nusu. Siku ile theluji ilifika magotini, na gari la kupita humo lilikuwa moja.

Lilikuwa la Assu.

Magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, watu wa kule huyaita katkat, na mwenye katkat kuanzia Desemba mpaka Machi huwa mkubwa kuliko diwani. Akikohoa, watu wanamwambia pole. Lakini Assu hakuwa na ukubwa wowote. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, mwembamba, mwenye Landrova ambayo zamani ilikuwa ya kijani, na alikuwa na sifa moja iliyoziharibu nyingine zote: uangalifu. Walimchamba kwa hilo mpaka wakachoka, wakapumzika, wakaanza upya. Walisema hushuka garini kupima barafu kwa kidole cha mguu kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Walisema ukipanda gari la Assu una mimba changa, utashuka Rich unamshika mkono mtoto anayetembea. Hayo yote yalisemwa na watu ambao, mwana akiugua usiku, mlango wanaoukimbilia ni wa Assu huyo huyo. Kwa majira kumi na tisa ya baridi hakuwahi kumwangusha hata kuku.

Maneno hayo hakuyajali. Yaliyomkaa rohoni ni ya mwaka uliopita.

Mwaka uliopita alikuwa anapanda kwenye kona ya Ayt Ukka, kijiji cha mwisho kabla ya kilele, akamkuta Mzee Moha, mkubwa wa kijiji hicho, kando ya barabara, mkono juu. Milimani kule, watu wakikutana njiani husimama. Huulizana afya, wake, watoto, kondoo, shayiri, kisha huanza tena mwanzo kuhakikisha hakuna kilichosahauliwa. Malori mawili yanaweza kuziba barabara robo saa, na atakayepiga honi nyuma yao ajue amejitafutia adui. Assu aliinua mkono, akatabasamu, akapita. Hakusimama, kwa sababu pale ni pa kutosimama. Kabla ya jua kuzama ilikuwa imeshavuma kwamba Assu amemrushia Mzee Moha theluji usoni. Baada ya siku tatu theluji ile ikawa matope, na baada ya wiki Assu akawa amemtukana mzee wa watu na marehemu baba yake. Kwenye arusi moja ya Ayt Ukka, sahani ya nyama ilizunguka ikaruka mahali alipokaa. Posa ya binti yake, iliyotoka kijiji hicho hicho, ikanyamaza miezi mitatu. Mwisho alichukua kondoo dume, akaenda kuomba radhi kwa kosa ambalo kila akiliwaza usiku aliona angelirudia. Mkewe akamwambia, "Ukipita tena bila kusimama, usirudi na hilo gari. Baki nalo huko huko."

Sasa Assu alikuwa amepiga magoti thelujini anafunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma, na kaka yake Itto, Heddu, alikuwa amesimama juu ya kichwa chake.

Heddu aliwahi kuendesha lori la mboga Meknes kwa mwaka mmoja, miaka thelathini iliyopita, na tangu siku hiyo kijiji hakijapumua.

"Bwana Assu, unafunga minyororo au unamsuka bibi arusi nywele?"

"Namaliza, mjomba."

"Hapa kijijini ya nini? Theluji laini hii. Ifunge huko juu tukikwama."

"Tukishakwama haifungiki, mjomba. Gari likiwa limelala kwenye theluji unafungaje?"

"Na hayo magunia?"

"Mawili ya mchanga, gari likae chini. Mawili ya majivu ya tanuri, ya kumwaga kwenye barafu."

"Majivu!" Heddu aliwageukia watu waliokuwa wamejaa pale kumuaga Itto. "Dada yangu kafiwa, huyu anatuhamishia jiko. Si mnasema katkat? Si inavuta yote manne?"

"Inavuta yote manne," Assu akasema, akipunguza upepo kidogo kwenye gurudumu la mbele. "Kusimama, inasimama kama gari la babu yako, mjomba, la punda. Barafu haijali una magurudumu mangapi."

Watu walicheka kidogo, kisha wakakumbuka kuna msiba, wakanyamaza. Itto alitoka amejifunika joho lake la sufi lenye mistari, akawashika wote mikono, akaketi nyuma katikati ya magunia. Uso wake ulikuwa mkavu. Alisema neno moja:

"Saa ngapi?"

"Saa nne kasoro kumi, mama," Assu akajibu. Akapiga hesabu kimya kimya. Akienda kwa mwendo wake, bila kuharakisha na bila kukwama, wangefika saa nane na nusu.

Kwa saa moja na nusu Landrova ilipanda kama mtu mzima anayejua anakokwenda. Gia ya milima aliiweka kabla ya mpando, si katikati yake. Alishika usukani kwa vidole, dole gumba likiwa nje, maana gurudumu likigonga jiwe lililofukiwa usukani huruka na kuvunja dole la mtu. Matako ya gari yalipochepuka upande wa korongo, hakukanyaga breki wala hakuvuta usukani kwa nguvu. Alilegeza mguu taratibu, akaelekeza pua kule gari lilikotaka kwenda, likajirudi lenyewe. Heddu kila mara alikanyaga breki ya hewani upande wake.

"Meknes tulikuwa tunaenda themanini," akasema.

"Kwenye theluji?"

"Kwenye mvua. Ni maji yote."

"Mjomba, hii nyeupe unayoiona haina neno. Inalia chini ya gurudumu, inashika, inakwambia habari zake. Ile isiyolia ndiyo mbaya. Ukiona kimya ghafla chini ya gari, ujue uko juu ya agris."

Agris ndiyo ile barafu ngumu, nyembamba, inayong'aa kama sahani iliyolambwa. Na Tizi n-Ugris, yaani kipito cha agris, haikupewa jina hilo kwa utani.

"Saa ngapi?" Itto akauliza.

"Saa tano na dakika ishirini."

"Alipokuwa mdogo alikuwa na kovu hapa." Akagusa juu ya nyusi yake mwenyewe. "Sijui kama bado liko. Mtu akikua kovu linapotea?"

"Linabaki, dada," Heddu akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Kovu halipotei."

Wakakata bonde, na kona ya Ayt Ukka ikajitokeza juu yao.

Pale pana chemchemi. Maji yake huvuka barabara, na kwa kuwa mlima umelipa jua kisogo, kuanzia Novemba maji hayo huganda, yakaja mengine juu yake yakaganda, mpaka mpando mzima wa hatua mia na hamsini unakuwa kioo. Assu alikuwa na namna moja tu ya kuupita. Unaanza chini kabisa, kwenye tambarare, na gia ya pili nzito. Unaingia na mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Mguu hauzidishi, haupunguzi, hata nzi akikuingia jichoni, mpaka ufike kwenye ukuta wa mawe kule juu. Minyororo ikiwa inazunguka inauma barafu. Ikisimama, inakaa juu yake tu, kama vito vya shingoni.

Alianza kwenye tambarare. Gari likachukua mwendo, likaingia kona, na hapo akawaona.

Walikuwa watu kama ishirini, katikati ya barabara, katikati ya mpando. Wanaume mbele na majoho yao yenye kofia, wanawake nyuma wameshika mashavu. Habari ilikuwa imewatangulia, na wangewezaje kukaa ndani mfiwa anapita mlangoni mwao? Kwao aliyefiwa hapitwi. Anasimamishwa, anaombewa, anashikwa mkono, hata kama anakimbilia meli ya hija. Mzee Moha alikuwa wa mbele kabisa, viganja wazi.

"Punguza," Heddu akasema. "Wametoka kwa ajili yetu."

"Mjomba, hapa..."

"Hapa nini? Hapa nini, Assu? Utawapita tena? Safari hii na mfiwa ndani?"

Zilibaki hatua themanini. Assu alijua anachoweza kufanya. Angepiga honi ndefu, angeendelea na mwendo ule ule, na watu wangepisha. Watu wakiona chuma kinakuja hupisha, hata wakiwa wanalaani. Na alijua la kusema. Lilikuwa sentensi moja: Mama, nikisimama hapa hutamwona. Aliitafuta kwenye mdomo wake, akaipata, ikakataa kutoka. Utamwambiaje mama maneno hayo? Watasema dereva mwoga kamtumia maiti kama kisingizio. Watasema alimtisha mfiwa. Akaisikia tayari inavyozunguka, kuanzia Ayt Ukka hadi sokoni, ikinenepa kila nyumba.

Hatua hamsini. Akatazama kioo cha ndani. Itto alikuwa anawatazama wale watu.

"Simama, mwanangu," akasema. "Wametoka kwa ajili ya mtoto."

Assu akainua mguu.

Gari likasimama lenyewe, bila hata kuguswa breki, kwa ulaini mkubwa. Mikono ikaingia madirishani. Mungu akuzidishie subira, Itto. Mungu ampe pepo, alikuwa kijana mwenye haya. Mungu akubakishie waliobaki. Wanawake wakafungua mlango wa nyuma, wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine, na hapo Itto akalia kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha Mzee Moha akaomba dua. Alikuwa mtu wa dua ndefu. Alimwombea Zayd, akamwombea babake Zayd, akapanda mpaka kwa babu, akawaombea walio safarini na walio makaburini, akaomba theluji iingie ardhini isiingie mapaani, na wote wakasema amina, amina, wakipuliza mvuke. Mwisho akasema:

"Na huyu dereva wetu, Mungu amlinde. Ametuheshimu."

Akaingiza mkono dirishani, akampiga Assu begani. "Sasa umekuwa mtu," akamnong'oneza.

Assu alisema amina. Chini yake alisikia matairi yenye joto yanajikalia barafuni, taratibu, kama watu wanaotafuta namna ya kulala.

Dakika tisa. Wakapisha. Akaweka gia ya pili ili nguvu isizidi, akaachia klachi kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakaanza kuzunguka bure, na mengine mawili yakakaa yanatazama, kama wageni. Ndivyo magari yale ya zamani yalivyo: nguvu hukimbilia gurudumu lisilo na kazi. Akatoa mguu. Akajaribu tena. Mnyororo wa kulia ukakatika, ukapiga bodi kwa kishindo, na Landrova, bila haraka yoyote, ikaanza kurudi nyuma.

"Ondokeni! Ondokeni nyuma!"

Wanawake wakapiga kelele, wakaruka pembeni. Heddu alikuwa anasoma shahada. Assu hakukanyaga breki. Alishika usukani, akaielekeza nyuma ya gari upande wa mlima, mbali na korongo, mpaka gurudumu la nyuma likadumbukia kwenye mtaro wa maji na gari likalala ubavu nusu, kimya.

Hakuna aliyeumia. Watu walimshukuru Mungu kwa hilo kwa dakika kadhaa.

Kisha wakafanya kazi, na wala usiseme hawakufanya. Wanaume wa Ayt Ukka walileta masepetu, mbao za milango, kamba za ngamia. Jeki ilizama barafuni mara tatu, wakaiwekea jiwe. Magunia yote mawili ya majivu yakaisha, wanawake wakakimbia kuleta ya matanuri yao. Mmoja akatandika busati lake chini ya tairi, lile la arusi yake, wakamwambia utaliharibu, akasema liharibike. Itto akavua joho lake la mistari, akalisukuma chini ya gurudumu lingine kwa mikono yake mwenyewe. Tairi likalitafuna, likalitema nyuma likiwa vipande. Akabaki na gauni, akitetemeka, mpaka mtu akamfunika.

"Saa ngapi?" aliuliza. Kila aliyeulizwa alimtajia muda, na kila mmoja aliupunguza kidogo.

Walilitoa gari mtaroni baada ya saa mbili na robo. Wakalirudisha chini kwa kamba hadi kwenye tambarare. Assu akafunga tena mnyororo kwa waya, akaweka gia ya pili nzito, akaingia kona kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Safari hii watu walikuwa wamesimama pembeni. Landrova ikapanda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa mawe. Haikuchukua hata dakika moja.

Heddu akatoa simu, akaanza kutafuta mtandao.

Kule juu kileleni simu ilishika. Mkwe wa Midelt aliuliza mko wapi, Heddu akamwambia. Upande wa pili ukasema imamu atajaribu kuchelewesha kidogo, lakini mawingu yanashuka na kaburi liko wazi.

Wakaanza kuteremka. Upande huu barabara ilikuwa imechambuliwa na upepo: hapa theluji, pale agris, tena theluji. Assu aliweka gia ya kwanza, akautoa mguu wake mbali na breki, akaacha injini imshike.

"Mbona tunatambaa?" Heddu akasema. "Mteremko huu! Achia gari lijiendee!"

Assu aliendelea na gia ile ile.

"Kaza mwendo, mwanangu," Itto akasema kutoka nyuma. "Nakuomba."

"Hapana, mama."

"Kidogo tu."

"Hapana. Hapa likikimbia halishikiki tena. Hata ukinilaani, sitafanya."

Itto akarudi nyuma akaegemea magunia. Hakumlaani. Wakashuka hivyo hivyo, kona moja baada ya nyingine, na injini inaguna.

Walikuwa wamekaribia Rich, matairi yameshagusa lami nyeusi, simu ilipolia tena. Heddu aliipokea. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Ndiyo. Mungu awalipe, mmengoja vya kutosha." Akaiweka mfukoni, akatazama mbele. Hakumgeukia dada yake. Tangu hapo hadi Midelt, Itto hakuuliza tena saa.

Nyumba ya wakwe ilikuwa imejaa mpaka ngazini. Viatu mlangoni vilikuwa vingi kiasi kwamba mtu angeweza kufungua duka. Itto alipelekwa chumba cha wanawake, na kilio kikapanda upya kwa ajili yake, kisha kikashuka. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini muda si mrefu, udongo bado uko kwenye pindo za suruali. Chai ikaletwa, na mkate na supu ya maharage mazito, na Heddu akapata alichokikosa njiani, yaani wasikilizaji.

"Mwanaume ni huyu," akasema, akimwonyesha Assu kwa kipande cha mkate. "Barafu kama kioo, watu ishirini barabarani. Mwingine angepita. Huyu alisimama! Mzee Moha mwenyewe kamwombea dua. Wamepiga simu kutoka Ayt Ukka sasa hivi, wanamsifu. Wanasema ile posa, hesabu binti yake ameshaolewa, hakuna cha kujadili tena."

"Mungu ambariki," wakasema wazee. "Siku hizi madereva hawana adabu."

"Na hatukuwahi," Heddu akaongeza, "lakini hiyo ni kudra."

"Ni kudra," wakasema wote.

Assu aliweka glasi yake chini ikiwa bado imejaa, akasema anakwenda kutazama gari.

Nje palikuwa na giza la jioni, na theluji nyepesi imeanza kuanguka juu ya mji. Alichuchumaa kufungua minyororo, ingawa minyororo ingeweza kungoja. Akasikia hatua nyuma yake.

"Assu."

"Naam, mama." Akainuka.

Itto alikuwa amejifunika shuka ya kuazima. Alilitazama tairi.

"Ungepita pale, tungefika?"

Palikuwa na jibu tayari, zuri, linalotumiwa na watu wote mle ndani: Mungu ndiye ajuaye. Angelisema, hakuna ambaye angemlaumu, na huenda hata yeye angelala usingizi.

"Tungefika," akasema. "Saa nane na nusu. Ikizidi, na dakika kumi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Itto akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikishiwa bei aliyoisikia sokoni.

"Kule kwenye mteremko nilikwambia kaza mwendo, ukasema hapana. Hukusita hata kidogo."

"Kule hapakuwa na watu, mama."

Kicheko cha mtu kilisikika kutoka ndani, kikakatizwa. Itto aliinua mkono akajifuta theluji kwenye nyusi.

"Mdomo wangu ulisema simama," akasema. "Moyoni nilikuwa namwomba Mungu ukatae. Nilisema, huyu ameshazoea kusemwa. Huyu atapita, na lawama itakuwa yake, na mimi nitamwona mwanangu."

Assu akarudi kuchuchumaa kwenye mnyororo.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa, mwanga ukamwagika hadi kwenye viatu. "Mama Itto!" sauti ya kike ikaita. "Mama Itto uko wapi? Kuna wageni wametoka Zaida, wamekuja na theluji yote hii, wanataka kukupa pole."

Itto akajitengeneza kilemba. Akaikung'uta ile shuka, akageuka, na kabla hajafika kizingitini Assu alishaisikia sauti yake, kavu, yenye adabu, ikiwalaki watu:

"Karibuni, karibuni ndani. Poleni na safari. Watu wa nyumbani hawajambo? Na watoto? Na kondoo?"